Ufunguo wa bloki: barua ya wazi kwa wakubwa wa afya wa Haut-Katanga

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa jimbo, wakubwa wa Divisheni ya Afya, madaktari wakuu wa zoni za afya, wakurugenzi wa hospitali za Lubumbashi,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mkunga. Nimezalisha katika mji huu miaka 19, kwanza Katuba, kisha Kampemba, na sasa mahali ambapo sitapataja, kwa sababu sitaki barua hii igeuke msako wa nani aadhibiwe. Sikutumwa na chama wala kanisa. Nimeandika kwa sababu ya bisturi moja, kisu cha kupasulia.

Ilikuwa majira ya mvua, usiku, umeme umekatika. Tulikuwa tunafanya kazi kwa taa moja ya sola na mwanga wa simu. Mama alifika na mume wake juu ya pikipiki, mimba ya miezi minane na zaidi, uzao wake wa tatu. Uso umevimba, kichwa kimemuuma tangu asubuhi, macho yanaona nyota. Kila mkunga anajua hiyo ni nini: presha ya mimba inayokaribia kuleta degedege. Tulimpima presha, tukaanza sindano za magnesi, dawa ya kuzuia degedege, kama tulivyofundishwa. Alikuwa bado anaongea. Alikuwa anamlaumu mume wake kwamba kikwembe chake kipya kimelowa kwa sababu yeye alikataa kungoja mvua ipungue.

Kisha akanyamaza. Mwenzangu alimgusa bega. Hapumui. Akamgusa shingo. Mshipa haupigi.

Sasa niwaambie tulichofanya, moja baada ya jingine, bila kujipendelea. Tulipiga kelele kumwita daktari. Hakuwa mbali, alifika upesi. Alibonyeza kifua mara kadhaa, akatazama tumbo, akasema kwa sauti ya juu: "Bloki! Bafungule bloki!" Bloki ya upasuaji ilikuwa ng'ambo ya ua. Ufunguo alikuwa nao mkubwa wa bloki, naye alikuwa amelala nyumbani kwake, komini ya Kenya, mtaa mwingine wa mji huu huu. Sentineli, mlinzi wetu, akatumwa na pikipiki. Sisi tukampandisha mama kwenye kitanda cha magurudumu, gurudumu moja bovu, tukamsukuma katika mvua. Njia nzima hapakuwa na mkono hata mmoja juu ya kifua chake. Alikuwa amelala chali, tumbo lote limemlalia mgongoni. Tukasimama mbele ya mlango uliofungwa. Nilitazama saa ya simu mara mbili: alipoacha kupumua, na mlango ulipofunguliwa. Kati ya hapo na pale zilipita dakika 26.

Mama hakurudi. Mtoto, wa kike, alitolewa bila uhai.

Alfajiri nilirudi kusafisha sali ya kuzalia, chumba cha kujifungulia. Juu ya meza ya chuma, ndani ya bakuli, palikuwa na bisturi mpya, bado iko ndani ya karatasi yake. Ilikuwa pale usiku kucha, hatua tatu kutoka kitanda ambapo moyo wa yule mama ulisimama. Hakuna aliyeifikiria. Hata mimi.

Daktari yule si mtu mbaya, na ninaomba mtu asijaribu kumtafuta. Alifanya alivyofundishwa: kupasua ni kazi ya bloki, na bloki ni chumba chenye taa, nguo za kijani na muuguzi wa ganzi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna upasuaji mmoja, mmoja tu, ambao mahali pake ni pale pale mgonjwa alipoangukia. Na kama angejua, nani angemlinda kesho yake mbele ya familia na mbele ya mkurugenzi? Hilo ndilo ninalowaletea. Dakika tano za kwanza ziko mikononi mwa sisi tulio ndani ya sali ya kuzalia, wala hazimngoji bingwa yeyote atoke kwake. Ila hatukupewa ruhusa ya kuzitumia, hatukupewa vifaa vyake, wala hatujawahi kuzifanyia mazoezi.

Kwa wale kati yenu ambao si waganga, na najua wengine mlifika kwenye viti hivyo kwa njia ya siasa au ya usimamizi, jambo ambalo si aibu, nieleze kwa nini tumbo ni la kwanza kufikiriwa. Kuanzia karibu wiki ya 20, mfuko wa uzazi ukifika kwenye kitovu, mwanamke akilala chali uzito wake unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mama mwenye afya analivumilia kidogo, anageuka upande, basi. Lakini moyo ukisimama yeye hawezi kugeuka. Ninyi mnabonyeza kifua, mnatoka jasho, na damu haipandi. Ni kama kupiga pompa ya kisima huku mtu amekanyaga bomba. Zaidi ya hapo, mtoto amesukuma mapafu juu, kwa hiyo akiba ya hewa ni ndogo, na mwili wa mjamzito unakula oksijeni haraka kuliko wa mtu mwingine. Ubongo wake unaanza kuharibika baada ya dakika chache tu.

Hili la tumbo mimi sikulisoma kwanza, nililiona. Miaka michache nyuma, mama mmoja alikuwa mezani kwa ajili ya sezariene ya kawaida, upasuaji wa kumtoa mtoto, ameshapigwa ganzi ya mgongo, amelazwa chali. Ghafla akasema anaona giza. Midomo ikageuka rangi ya majivu, presha ikaanguka. Muuguzi wa ganzi, mzee mmoja anayekaribia pensheni, hakukimbilia dawa. Alipitisha mikono miwili juu ya tumbo, akalivuta lote upande wa kushoto, akalishika hapo, na huku akiomba maji ya mshipa yafunguliwe. Hata hatujamaliza kuyafungua, mama akafungua macho akauliza kama mtoto ameshatoka. Kwa yule mama moyo haukuwa umesimama, ulikuwa umekosa damu ya kusukuma. Lakini mikono ile miwili ndiyo ingepaswa kuwa juu ya tumbo la yule wa usiku wa mvua, tangu sekunde ya kwanza hadi mwisho.

Wengi wetu tulifundishwa kumlaza mama kwa ubavu, kumwekea mto chini ya nyonga ya kulia. Kwa mama aliye hai anayepumua, vizuri. Kwa aliyesimama moyo, hapana: kifua kilichoinama hakibonyezeki kwa nguvu inayotakiwa. Siku hizi tunaelekezwa alale sawasawa juu ya kitu kigumu, mmoja abonyeze katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 au kuzidi kidogo na kuachwa kirudi juu, mwingine ampe hewa kwa ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, mara 2 baada ya kila mibonyezo 30, na wa tatu alivute tumbo kushoto. Sindano ya mshipa iwe mkononi, kamwe si mguuni, kwa sababu dawa iliyopita mguuni italala chini ya kizuizi kile kile. Na kama mama alikuwa kwenye magnesi, ifungwe mara moja, apewe kalsiamu glukoneti, dawa inayoizima magnesi. Kwetu ile ampuli ilikuwa ndani ya kabati la dawa. Ufunguo mwingine huo.

Halafu kuna kisu.

Watu wengi, hata ndani ya taaluma, wanadhani kumpasua mama ambaye moyo umesimama ni kumwacha yeye na kumchukua mtoto. Fikra hiyo ni ya kale mno. Sheria ya Waroma ilikataza mwanamke aliyekufa na mimba azikwe kabla mtoto hajatolewa. Kwa hiyo kwa karne nyingi upasuaji huo ulikuwa sehemu ya mazishi, na harufu hiyo ya mazishi bado imeshikamana nao. Ndiyo maana mkono wa daktari unasita. Anaona kama akikata amekubali kwamba mama amekufa.

Mwaka 1986, daktari Vern Katz na wenzake huko Marekani waligeuza fikra hiyo. Walishauri kwamba kama moyo haujarudi, upasuaji uanze ndani ya dakika 4 ili mtoto awe ametoka kwenye dakika ya 5. Na faida ya kwanza ni ya mama. Mfuko wa uzazi ukiwa mtupu, mshipa unafunguka, damu iliyokuwa inazunguka kwenye kondo inarudi kwake, mapafu yanapata nafasi, na mibonyezo ya kifua inaanza kuwa na maana. Kuna wanawake ambao mshipa wa shingo umerudi kupiga wakati daktari bado ana mtoto mkononi. Mwaka 2015 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko lake la kwanza lililohusu moyo kusimama kwa wajawazito peke yake, na humo limeandikwa wazi: msimpeleke mama bloki, fanyeni pale alipo. Maandalizi yaanze mara tu moyo unaposimama, si baada ya kuhesabu dakika nne na kujiuliza.

Uingereza walifuatilia wajawazito wote waliosimama moyo nchini mwao kati ya 2011 na 2014. Walikuwa 66, na 28 kati yao walifariki. Maana yake zaidi ya nusu walipona, jambo ambalo hapa kwetu hakuna anayeliamini nikilisema. Kati ya waliopasuliwa, kwa walionusurika muda wa kati tangu kuanguka hadi upasuaji ulikuwa dakika 3. Kwa waliofariki ulikuwa dakika 12. Sisi tulikuwa na 26, na mlango.

Najua jibu litakalokuja: Uingereza ni Uingereza. Ni kweli. Wao wana mashine, wana damu, wana chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini someni tena: dakika 3. Katika dakika 3 hakuna mashine kubwa iliyofika. Kilichofika ni mikono, hewa na kisu. Na kisu hicho, tuseme ukweli, bei yake haifiki bei ya chupa ya bia ya Simba.

Sisi watu wa Lubumbashi tunaelewa jambo hili vizuri tukilitazama uwanjani. Mwaka 2003, mwezi wa 6, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka peke yake katikati ya mchezo pale Lyon, tukamwona kwenye televisheni akibebwa nje na machela. Hakurudi. Mwaka 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka vile vile pale Copenhagen, na wenzake wakasimama kumzunguka kama ukuta huku akibonyezwa kifua na kushtuliwa kwa umeme juu ya majani yale yale. Kabla ya kutoka uwanjani alikuwa ameshafungua macho. Sisemi magonjwa yao yalikuwa sawa, mimi si daktari wa moyo. Ninasema siku hizi kila shabiki wa Mazembe anajua mchezaji aliyeanguka anatibiwa kwanza pale alipoangukia. Mama mzazi bado anasukumwa kwenye mvua.

Kijana wangu anafanya kazi kwenye mgodi mmoja njia ya Kolwezi. Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi wanasimama dakika chache wakumbushwe hatari za siku hiyo. Chombo cha kuzima moto kimetundikwa ukutani, chekundu, hakuna kufuli, na hata mpishi wa kantini ameonyeshwa jinsi ya kukishika. Siku moja nilimuuliza, mkubwa wa usalama akiwa likizo nani anaruhusiwa kuzima moto? Alinicheka. "Mama, aliye karibu!"

Ninachowaomba ni hicho hicho.

Naomba kwanza karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo inayomwondolea mtu hofu. Divisheni itoe maagizo ya maandishi, yenye sahihi na muhuri, yabandikwe kwenye kila sali ya kuzalia yenye daktari wa zamu: mama mwenye mimba inayofika kitovu au kuzidi akisimama moyo, na mibonyezo haijamrudisha, daktari yeyote aliyepo, bingwa au asiye bingwa, anapasua hapo hapo kitandani. Hangoji bloki. Hangoji sahihi ya mume. Hangoji risiti. Hatafuti kwanza kama moyo wa mtoto unapiga, hapotezi muda kuosha tumbo zaidi ya kulimwagia dawa kama iko karibu. Na iandikwe kwamba aliyefanya hivyo kwa nia njema hataitwa kujibu mashtaka ya nidhamu kwa kuwa alipasua nje ya bloki. Mstari huo wa mwisho ndio mzito kuliko yote. Nimekaa na madaktari vijana usiku wa zamu, wanajua kukata, sezariene wamefanya nyingi. Wanachoogopa ni kesho yake.

Kisha sanduku. Ndani yake: bisturi yenye mpini, koleo mbili za kubana kitovu, vitambaa vikubwa vya kuzuia damu, glavu, ambu ya mama na ambu ya mtoto, adrenalini, kalsiamu glukoneti, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, iwe kwenye friji jirani yake. Litundikwe ukutani, lifungwe kwa uzi ambao mtu anaukata kwa vidole, si kwa kufuli. Najua kwa nini tunafunga vitu. Vinaibiwa. Basi vihesabiwe kila mabadiliko ya zamu na mkunga aweke sahihi yake. Mimi niko tayari kukatwa mshahara kwa ampuli iliyopotea, mradi siku nyingine isiwe ndani ya kabati ambalo mwenye ufunguo amelala.

Mazoezi je? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapotabasamu. Usiku kwenye maternite nyingi, yaani nyumba za uzazi, za mji huu tuko wakunga wawili, mama wa usafi mmoja, na sentineli getini. Daktari ni mmoja kwa hospitali nzima. Watu wanne wanaotakiwa kuzunguka kitanda hawapo kwenye ratiba ya wauguzi. Lakini wapo! Mama wa usafi ana mikono miwili. Kuvuta tumbo kushoto na kulishika hakuhitaji diploma. Unasimama upande wa kushoto wa mama, unapitisha mikono ng'ambo ya tumbo, unalivuta kuja kwako na kulinyanyua kidogo, usilikandamize chini, na huliachii hadi uambiwe. Sentineli anaweza kushika saa na kuita dakika kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mtu wa kuita dakika ni wa lazima, maana ndani ya fujo ile dakika kumi unaziona kama mbili. Nimejaribu hili na wenzangu kwa siri, saa za utulivu. Tulimlaza stajeri mmoja, mwanafunzi wa mazoezi, mezani, tukamfunga mfuko wa unga wa kilo 10 tumboni kwa kikwembe, ili wote wauonje ule uzito. Kubonyeza kifua tulifanyia kwenye godoro lililokunjwa, msiogope. Mara ya kwanza ilikuwa kichekesho, wawili walikimbilia ambu moja, na hakuna aliyetazama saa. Mara ya tatu, mama wa usafi alikuwa ameshika tumbo kabla sijamaliza kumwita. Yeye ndiye sasa anayetuuliza: lini tena?

Mazoezi ya namna hiyo yafanyike kila mwezi, bila kutangazwa, na mara nyingine usiku, kwa sababu usiku ndio tunaishiwa watu. Hayahitaji semina ya hoteli na bahasha za usafiri. Nawaomba kwa heshima yote, msiyageuze kuwa semina.

Kuna sehemu ambazo kisu hakifai, na nisipolisema hili mtanishika uongo. Kwenye sentro ya afya ya pembeni, Ruashi ndani kabisa au Annexe, ambako hakuna daktari, sitaki mtu aliyezoea kukata kitovu tu ajaribu kukata tumbo. Huko kazi ni kubonyeza, kupuliza, kuvuta tumbo, na simu ambayo ina salio. Na zaidi ya yote, kazi ni kuzuia moyo usifike kusimama. Kwa kuwa kwetu, waheshimiwa, wengi hawaangushwi na ugonjwa wa moyo. Wanaangushwa na damu iliyomwagika, na presha, na maambukizi. Moyo wa mama aliyemwaga damu yake yote sakafuni ukiubonyeza unabonyeza mfuko mtupu.

Dawa za kuzuia hayo zipo na zinajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba wakunga wakipima damu kwa mfuko wa plastiki wenye alama badala ya kukisia kwa macho, kisha wakafanya kwa mpigo mmoja kukanda tumbo, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kugandisha damu), maji ya mshipa na kutafuta inapotokea damu, madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Hao ni wakunga kama sisi, joto kama letu, umeme unaokatika kama wetu. Traneksamiki inafaa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, baadaye imechelewa. Oksitosini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kwa hiyo friji ya maternite isiyo na betri ya sola ni friji ya kupozea maji ya kunywa ya wafanyakazi, samahani kwa kusema hivyo.

Kuhusu pesa sitasema mengi, kila mtu katika mji huu ana hadithi yake ya dirisha la malipo. Katiba yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo ulianzia Kinshasa Septemba 2023. Mimi ninaomba kitu kidogo kuliko hivyo, na ambacho jimbo linaweza kukiamua lenyewe: kwa mama anayetokwa na damu au asiyepumua, mtu asitaje neno "caution", pesa ya kutanguliza kabla ya matibabu, ndani ya saa ya kwanza. Andikeni deni. Tutadaiana baadaye, tukiwa hai sote.

Na daftari. Yule mama wetu aliandikwa kwamba amekufa kwa "arrêt cardiaque", yaani moyo kusimama. Nimezifungua kurasa za nyuma, nikawakuta wengine wengi wenye neno hilo hilo. Moyo kusimama si sababu ya kifo, kila anayekufa moyo wake unasimama, hata mzee wa miaka 95 aliyelala usingizini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa duniani kwa sababu ya mimba na uzazi, na kwamba Kongo, pamoja na Nigeria, India na Pakistan, tunabeba karibu nusu yao. Sisi peke yetu karibu 19,000. Mtu atazipunguzaje hizo kama daftari linasema neno moja kwa wote? Naomba kwenye kila kifo cha mama yaandikwe mambo matatu ambayo leo hayaandikwi: dakika alipoacha kupumua, dakika kifua kilipoanza kubonyezwa, na dakika mtoto alipotolewa. Halafu mkutano wa kukagua kifo ufanyike wiki hiyo hiyo, na mkunga aliyekuwepo aitwe kusema, si kuhojiwa. Kwenye mkutano wa kifo cha yule mama mimi sikuitwa. Nilisikia tu kwamba ulifanyika, na kwamba ulikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Mume wake alirudi baada ya wiki mbili kuchukua kikwembe. Tulikuwa tumekifua. Aliniuliza swali moja, kwa upole, hakuwa na hasira: "Mama, mulingoja nini?" Nilimwambia tulingoja ufunguo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaenda.

Waheshimiwa, zamu zangu za usiku ni Jumanne na Ijumaa. Barua iliyofika kwenye ofisi zenu ina jina langu na la hospitali, ambayo hapa nimeyaficha. Njooni bila kutuarifu, saa 8 za usiku, mmoja wenu alale kitandani na mfuko wa unga tumboni, mwingine ashike saa. Sisi sanduku tumeshalitengeneza, kwa katoni ya sabuni, tumelitundika ukutani na uzi. Linakosa kalsiamu na ambu ya mtoto.

Mkunga wenu,
Lubumbashi